Koroboi Thelathini na Tano

Mhariri wa jarida hili aliponiandikia akitaka makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, bila shaka alitazamia nimletee habari za Mtemi Isike na boma lake, au za mkutano wa TANU wa mwaka 1958 uliofanyika hapa hapa Tabora. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na watu wanaonishinda kwa ujuzi, na wengi wetu tulizijibia maswali katika mitihani. Mimi nimechagua jambo dogo. Nataka kueleza jinsi watu wa Tabora walivyojitengenezea taa za sikukuu kwa vitu vya kuokota, na hasa habari za kibao kimoja cha mninga, kisichozidi ukubwa wa daftari, ambacho mwaka 1999 kilituwezesha sisi wa kidato cha tano kuwasha taa 35 mbele ya shule usiku wa kuamkia Muungano. Tuliokuwa pamoja watakumbuka. Waliotutangulia na waliotufuata, nawaomba wanivumilie.

Itanibidi nianzie mbali, maana kila kitu kilichokuwa katika karakana ya mzee aliyetufundisha kazi ile kilikuwa kimefika Tabora kwa njia moja au nyingine, na njia hiyo ndiyo historia yenyewe.

Kama tujuavyo, Tabora ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikatiza Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi. Kutoka hapo njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi mpaka Katanga. Burton na Speke waliingia Kazeh, kama walivyouita mji ule, mwezi Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, na tembe lake tumelitembelea sote, wengine kwa hiari na wengine kwa amri ya mwalimu wa historia. Vitabu vimeorodhesha mizigo iliyopita: pembe za ndovu, nguo, shanga, baruti, nyaya za shaba na, kwa aibu ya biashara ile, binadamu wenzao waliofungwa minyororo. Taa hazitajwi sana. Usiku wa msafara uliangazwa na moto wa kuni, na mwenye nyumba ya tembe naye alikuwa na moto wake katikati ya chumba. Kuni zilikuwa bure, na moto ule ule uliota, ulipika na uliangaza.

Hata hivyo mali ya mwanga ilikuwapo, tena tele, na ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Pori la miombo linaloizunguka Tabora ni nyumba ya nyuki. Wanyamwezi walitundika mizinga ya magome na ya magogo tangu zamani. Asali ililiwa na ikatiwa katika pombe. Nta ilikuwa makapi tu, mpaka walipokuja wafanyabiashara kuiulizia. Enzi za Mjerumani ikawa bidhaa kubwa ya kupeleka nje, na wakati wa Mwingereza Tanganyika ilihesabiwa miongoni mwa nchi zilizouza nta kwa wingi duniani. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi, kiasi ambacho mtu mwenye chungu, maji ya moto na kitambaa cha kuchujia anaweza kukifikia bila taabu. Kanisa Katoliki, ambalo Mapadre wake Weupe walifika Tabora mwaka 1878, lilikuwa na sheria kwamba mishumaa ya altare itengenezwe hasa kwa nta ya nyuki. Basi nimewaza mara nyingi, nikiwa kanisani Krismasi, kwamba huenda nta ya Sikonge iliwahi kuangaza sikukuu katika miji ya Ulaya wakati mrina asali mwenyewe ameketi kando ya moto wa kuni. Mzigo ulikwenda pwani na pesa kidogo ikarudi.

Mara moja tu njia hiyo ilizibwa, nayo ilikuwa kwa sababu ya vita. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga pwani, na vitu vya madukani vikaanza kuadimika, mafuta ya taa yakiwa mojawapo. Wajerumani wakalazimika kutengeneza mishumaa kwa nta ya hapa nchini. Wakati huo makao makuu ya serikali yao yalikuwa yamehamia Tabora, na mwaka 1916 wakatengeneza hata fedha huku huku katika karakana ya reli: heli 5 na heli 20 za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Wabelgiji waliutwaa mji tarehe 19 Septemba mwaka ule ule. Leo sarafu ile ya tembo huuzwa kwa bei kubwa huko Ulaya. Ninaitaja kwa sababu moja: serikali nzima, ilipokosa vitu vya dukani, iliishia kufanya kazi kama mafundi wetu wanavyofanya siku zote, na jambo hilo likaingia katika vitabu.

Sasa nirudi kwenye shaba. Katikati ya karne ya kumi na tisa, Msumbwa mmoja aitwaye Msiri alitoka pande zetu za magharibi akaenda Katanga kufuata biashara, akajifanya mtawala huko mpaka alipouawa Desemba 1891. Shaba ya Katanga ilirudi Unyamwezi kwa njia hiyo, ikavaliwa mikononi na miguuni. Aidha, wahunzi wa Usumbwa na nchi za jirani walifua majembe yaliyopelekwa mbali kama fedha. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba ufundi wa kufua ulikuja na karani wa Kijerumani. Kilichokuja na Mjerumani ni reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu ya reli hiyo likaja debe.

Debe! Natamani mtu mwenye nafasi aandike kitabu kizima juu yake. Mafuta ya taa yaliletwa katika mikebe ya bati ya galoni nne, miwili miwili katika sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, mkebe hautupwi. Ulitekea maji, ukawa kipimo cha mahindi na mpunga sokoni, na hadi leo tunapima kwa debe ingawa wengi wa wanaopima hawajawahi kuona debe lenyewe la mafuta. Ulipotoboka ulikatwa na kunyooshwa ukawa mlango, paa la jiko, sanduku la mwanafunzi. Na vipande vilivyobaki, ambavyo havikufaa kwa lolote, vikawa koroboi. Hapo ndipo mtu wa kawaida wa Tabora alipopata taa anayoweza kuinunua: chombo cha bati, mfuniko wenye mrija, utambi wa pamba, mafuta ya senti chache. Wengine huiita kibatari. Mwenye uwezo alinunua chemli, na mwenye uwezo zaidi, au msikiti, au chama, alikuwa na karabai. Katika Maulidi karabai iliwekwa katikati penye wasomaji, na huko pembeni, kwa kina mama na wauza kahawa na kashata, mwanga ulikuwa wa koroboi.

Kazi hii ilikuwa ya mafundi bati, na mji wetu ulikuwa nao wengi: Gongoni, Chemchem, Ng'ambo, Isevya. Mzee wetu alikuwa wa Ng'ambo.

Namna tulivyomjua ni hii. Mapema mwaka 1999 baadhi yetu tuliingiwa na wazo la kuadhimisha Muungano kwa taa. Miaka ilikuwa 35 tangu 26 Aprili 1964, na tulitaka taa 35. Tuliwahi kuona katika magazeti picha za miji ya nje ilivyopambwa kwa taa za umeme wakati wa sikukuu, nasi tukajiona hatupungukiwi na akili. Mmoja wetu, aliyekuwa hodari wa fizikia (sasa ni mhandisi, na nikimtaja atanidai chakula), alichora nyaya, balbu za tochi na betri. Tulipopiga hesabu ya betri, mchoro ulikunjwa. Umeme wa ukutani nao haukuwa wa kutegemea. Ulikuwa ukikatika pasipo taarifa, na taa za sikukuu zikizimika mbele ya walimu na wageni ni aibu kuliko kutokuwa nazo. Ndipo mwenzetu mwenyeji wa mjini aliposema, kwa nini tusitumie koroboi?

Tulimcheka. Nakiri hapa kwamba mimi nilicheka kuliko wote, na nilikuwa na sababu ya siri. Baba yangu mdogo alikuwa fundi bati huko kwetu. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka katika makarai na koroboi zake. Shuleni sikumwambia mtu. Tabora School, kama mnavyojua, ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu, na ingawa machifu waliondolewa madaraka siku nyingi kabla hatujazaliwa, bado mtu alipenda kuonekana ametoka penye nafasi. Mimi nilisema baba yangu mdogo ni mfanyabiashara wa vyuma.

Basi Jumamosi moja tukapewa ruhusa ya kwenda mjini, tukamkuta mzee ameketi chini ya mwembe, mbele yake kipande cha reli chenye urefu wa mkono, ambacho ndicho kilikuwa fuawe yake. Tukasema, "Shikamoo, babu." Akaitika marahaba, kisha akatusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akasubiri kuona nani ataitikia. Wawili tu waliweza. Tulipomweleza haja yetu aliuliza swali moja: "Mnazitaka zilingane?" Tukasema ndiyo, maana zitapangwa kwa safu. Akacheka. "Koroboi za kuuza hazilingani, wajukuu. Kila nyumba ina yake, nani atazilinganisha? Za safu zinataka kalibu."

Kalibu ndiyo ile niliyosema, kibao cha mninga. Alikuwa nayo ya mikebe mikubwa, haikutufaa. Akatuambia twende tukakusanye mikebe 35 ya aina moja, kisha turudi atuonyeshe jinsi ya kutengeneza kalibu yetu wenyewe, kwa sababu yeye hana muda wa kufanya kazi ya watoto wa shule. Ilituchukua wiki tatu kupata mikebe midogo ya kahawa ya Africafe, tukizunguka nyumba za walimu, hoteli za mjini na jalala la mission. Bado nikiona mkebe ule dukani mkono wangu huenda wenyewe.

Kalibu ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, tundu la mviringo lililochongwa kwa patasi, kina chake nusu kidole, ambamo mfuniko wa mkebe hukaa kifudifudi bila kucheza. Na katikati ya tundu hilo, kitobo kinachopenya hadi upande wa pili. Ukiweka mfuniko na kupiga tindo, shimo huangukia katikati kila mara. Kwa kukisia kwa jicho, tulikuwa tumekwisha haribu mifuniko minne. La pili, mfereji mwembamba uliochimbwa ubavuni mwa kibao, kina chake nusu ya unene wa msumari wa inchi sita. Unakata ukanda wa bati wenye upana wa sentimita mbili na nusu na urefu wa sentimita nne, unaulaza juu ya mfereji, unaweka msumari juu yake na kugonga polepole. Bati hujikunja nusu mviringo, kisha unamalizia kuuviringisha kwenye msumari hadi kingo zipandane. Huo ndio mrija wa utambi. La tatu, mkato kwenye pembe ya kibao, ambao ni kipimo tu. Mrija usimame juu ya mfuniko kwa kiasi cha mkato, si zaidi, na utambi uchomoze juu ya mrija kwa unene wa njiti ya kiberiti.

Hilo la mwisho ndilo lenye siri. Utambi ukichomoza mno, moto hula mafuta mengi kuliko hewa unayoipata, nayo taa hutoa moshi na masizi. Ukichomoza kidogo mno, hufifia. Ukiwa na taa moja, utaisogeza kwa mkono mpaka ikuridhishe. Ukiwa na taa 35 katika safu, jicho la mtu aliye mbali huiona mara moja ile iliyozidi na ile iliyopungua, kama vile sikio linavyomsikia mwimbaji aliyekosea katika kwaya.

Kulehemu ndiko kulikotutoa jasho. Chuma cha kulehemu cha mzee kilikuwa kipande cha shaba nyekundu, kikubwa kama kidole gumba, kilichobanwa kwenye nondo yenye mpini wa gunzi la hindi. Kilitiwa makaani mpaka moto wake ubadilike rangi kuwa wa kijani kidogo. Kikiachwa zaidi ya hapo hakishiki risasi. Kwa kusafishia bati alitumia tindikali kidogo, ambayo aliitumbukizia vipande vya ganda la betri kuukuu mpaka ikaacha kutoa povu. Sisi tuliokuwa tunasoma kemia tukatazamana. Lilikuwa somo la zinki na tindikali ya haidrokloriki, ambalo tulilifanya maabara wiki mbili zilizopita na nusu ya darasa hatukulielewa. Tulipomweleza kwamba anatengeneza kloridi ya zinki alisema ni vizuri, lakini tusiegemee jiko.

Nilipoinama kushika chuma kile, mzee alinitazama kwa muda. "Wewe umewahi kushika hii," akasema. Wenzangu wakageuka. Nikasema ndiyo, kwa baba yangu mdogo. Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile nilifanywa msimamizi wa kulehemu, cheo cha kwanza nilichopata katika maisha yangu na, kwa maoni yangu, nilichokistahili kuliko vilivyofuata.

Tulikuwa tumekusudia kuonyesha bendera ya Taifa. Kwa rangi ya kijani na ya buluu tulinunua karatasi laini za rangi na kuzizungushia taa. Katika majaribio, usiku mmoja nyuma ya bweni, upepo uligeuka, karatasi ikashika moto, nami kwa haraka nikaipiga taa kikumbo. Mafuta yakamwagika juu ya mkono wangu wa kushoto. Alama ninayo hadi leo. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mzee alikuwa ametuonya tusijaze mkebe kupita nusu, nami nilijaza ili taa iwake muda mrefu. Mwalimu wa zamu alitaka kupiga marufuku shughuli yote, na angekuwa na haki. Koroboi ni kitu cha hatari; nyumba ngapi zimeungua na watoto wangapi wameumia kwa ajili yake, hospitali zetu zinajua. Tuliruhusiwa kuendelea kwa masharti mawili: taa zikae juu ya matofali mahali pa wazi, na ndoo za mchanga ziwe tayari.

Karatasi zikaondoka, na bendera nayo ikawa mashakani. Zaidi ya hayo kulikuwa na ubishi uliodumu siku kadhaa bwaloni: rangi nyeusi tutaiwashaje? Wanafunzi wa fizikia walisema haiwezekani, wa siasa wakasema kuiacha ni kosa kubwa. Tulimpelekea mzee mashauri hayo. Alifikiri kidogo, akasema, "Nyeusi ni pale msipoweka taa. Na manjano ni moto wenyewe. Mnataka nini tena?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tulipanga matofali kama ngazi, safu mbili zikipanda mshazari kutoka chini kushoto hadi juu kulia, taa 17 katika safu moja na 18 katika nyingine, na kati yake tukaacha ukanda wa giza. Lita tatu za mafuta zilitosha. Usiku wa tarehe 25 Aprili mvua, ambayo tuliiogopa, haikunyesha. Watu sita wenye njiti ndefu walianza kuwasha kutoka chini, na kufikia taa ya mwisho ile michirizi miwili ya manjano ilikuwa imesimama juu ya giza, imenyooka, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Waliokuwa mbali, upande wa barabara, walituambia baadaye kwamba walidhani ni umeme. Mzee tulimwalika. Alikuja amevaa kanzu, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya hotuba.

Kuna jambo jingine la kuongeza. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, Julius Nyerere, alieleza azma ya kuweka mwanga juu ya Kilimanjaro uwaangazie walio nje ya mipaka yetu. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge, na tangu hapo sote tunasema Mwenge. Lakini siku ile barazani, kwa Kiingereza, Mwalimu alitaja mshumaa. Sijui wangapi wamelitambua hilo. Kijana aliyeingia Tabora School mwaka 1937, katika nchi ya nyuki na nta, alipotafuta mfano wa mwanga alichagua ule mdogo wa kushika mkononi.

Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, sisi tulikuwa kidato cha sita. Habari zilitufikia asubuhi kwa redio. Usiku mtu, sijui nani, alikwenda stoo akaleta zile koroboi. Zilikuwa zimebaki 28. Nyingine zilikwisha ingia mabwenini kwa kazi za kusomea usiku. Hapakuwa na kamati wala mchoro. Tulizipanga safu moja kando ya njia ya kuingilia shule, tukaziwasha, tukaketi. Mafuta yalikwisha kabla ya saa sita.

Tangu hapo mambo yamebadilika, na mimi mtumishi wa Serikali siwezi kulalamika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, nguzo zimefika vijiji ambavyo baba yangu mdogo aliviuzia koroboi, na penye nguzo isiyofika kuna taa ya jua inayouzwa gulioni. Mtoto anasoma bila masizi puani. Koroboi iende zake. Mafundi bati waliobaki hutengeneza majiko, makarai na masanduku.

Lakini nilipofika Tabora kikazi miaka michache iliyopita nilikwenda Ng'ambo. Mwembe haupo. Pale palipokuwa na karakana pana duka la vocha na vifaa vya simu, na kijana mwenye duka, kwa adabu nzuri, aliniuliza namtafuta fundi gani. Nikafungua mdomo, nikakuta sina jina. Tulimwita babu, au Fundi, miezi yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Shuleni tuliwalaumu wazungu wa misafara kwamba waliandika kila kijito walichovuka na hawakuandika majina ya wapagazi waliowabeba. Niliwahi hata kuandika insha kali juu ya jambo hilo pale Mlimani, nikapata alama nzuri.

Kalibu ninayo. Iko katika droo ya meza yangu ofisini, na katibu muhtasi wangu anaamini ni ya kuwekea kalamu. Nitakuja nayo siku ya mkutano, na kama karakana ya shule ina makaa, nitaonyesha jinsi inavyofanya kazi. Namwomba kila mwenzetu aliye mwenyeji wa Ng'ambo, au mwenye ndugu huko, aulize kwa wazee: fundi bati aliyekaa chini ya mwembe, mwenye fuawe ya reli na mpini wa gunzi, mwaka 1999. Jina likipatikana lipelekwe kwa mhariri, naye alichape katika toleo lijalo.